Siri ya Komanda kwenye Phonie ya Mama Kadija

Jamani, serikali ya Zaïre ilipolegeza kamba tu, kila mwenye betri na waya mrefu akafungua phonie yake, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Kolwezi nzima ikawa phonie. Kambi ya jeshi je? Fundi wake, Barnabé, alichoka kungoja mshahara, akahamia kwa Mama Kadija karibu na soko. Redio ya kambi ikabaki kufugia buibui.

Ndipo asubuhi moja Komanda Mukalay akaingia mwenyewe kwa Mama Kadija, akaipita foleni yote bila haya, akamwinamia sikioni.

“Mama, ita baaskari bangu ba Kasaji. Kuko camion ya bluu itatoka Dilolo na chumvi, itapita pale. Bakamate camion, bakamate na chumvi. Ni siri ya jeshi!”

Lori lile la bluu lilikuwa la mume wa Kadija, Nasoro, na ndilo lililoilisha nyumba nzima; komanda hakulijua hilo. Akikataa, komanda ataibeba phonie. Akikubali, lori limekwenda. Akatabasamu kama mama mkwe aliyeletewa kuku.

“Tata komanda, asubui Kasaji haisikie bien. Ngojea midi.”

Barnabé akakohoa kuficha kicheko. Kasaji ilikuwa inasikika tangu alfajiri! Ila alijua kwamba Nasoro hawashi gari kabla ya kumsalimia mkewe adhuhuri, kwenye phonie ya Dilolo.

Komanda akangoja, amebanwa katikati ya mama wauza samaki. Adhuhuri ikafika.

“Sasa sema mwenyewe, tata. Na sema nguvu. Kwa phonie hatusemake pole pole.”

Hiyo ndiyo desturi, nani asiyeijua? Mmoja hupiga kelele, na vituo vyote vya njia ya reli hutega sikio. Asiyeijua alikuwa komanda peke yake. Akapayuka mpaka shingo ikamvimba: “Kasaji! Kamateni camion ya bluu! Na chumvi yote!”

Halafu sauti tulivu ikaja kutoka Dilolo.

“Bien reçu, komanda, nimesikia. Ni mi Nasoro, mwenye camion. Aksanti kwa kuniambia. Chumvi itapanda train, camion itabakia huku. Kadija, bibi yangu, batoto beko muzuri?”

Foleni ikavunjika mbavu. Komanda akaudaka waya wa phonie.

“Nitabeba hii machine leo leo!”

“Beba, tata,” Kadija akasema. “Lakini bila Barnabé itafuga buibui kama ile ya kambi, na ripoti ya bakubwa bako ba Lubumbashi utaipigia wapi?”

Komanda akautazama ule waya. Akauachia taratibu, akaweka kofia yake sawa, akauliza kwa sauti ya chini nani wa mwisho kwenye foleni.

“Ni mi,” akajibu Mama Ndaya, muuza samaki. “Simama nyuma yangu, tata. Na usisukume.”