Bwate ya Kushukia Rurambo

Nasoro alikuwa amezilaza juu ya magunia, moja kando ya nyingine, zimefutwa mafuta na matundu yake yamezibwa kwa vitambaa. Giaboksi mbili, sisi Uvira tunasema bwate. Moja ilikuwa safi na nyepesi, ya gia tano, imetoka kwenye gari lililovuka mpaka kutoka Bujumbura. Nyingine ilikuwa ya gia nne, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, imechomolewa kwenye lori kuukuu ambalo milango yake ilikuwa ikifungwa kwa waya. Fundi aliniangalia, kisha akainamisha macho kwa adabu, maana nilikuwa bado ndani ya kitenge cheusi cha kilio.

"Mama Espoir," akasema, "marehemu alikuambiaka ataweka gani?"

Hakuniambia. Bonaventure, mume wangu, aliamua mambo yake akiwa amelala chini ya gari, na huko chini hakukuwa na nafasi yangu. Lakini katika ukoo wake, mtu akifa na kuacha kazi nusu, familia inaimaliza kabla ya kuondoa kilio, na anayeulizwa marehemu alitaka nini ni mjane. Kwa hiyo walinileta garajini Kimanga, mimi nisiyejua hata kubadili tairi, nichague.

Kazi aliyoiacha nusu ilikuwa ile Land Cruiser yake. Ilikuwa ya petroli, na kwa kupanda milima ya Rurambo ilikunywa kuliko ilivyobeba. Akatafuta injini ya dizeli mpaka akaipata, akaiweka kwa Nasoro chini ya turubai. Ila bwate ya zamani haikuweza kuishi na injini ile. Dizeli inasukuma kwa nguvu hata ikizunguka polepole. Ingeyang'oa meno yake mapema sana. Ikabidi kutafuta bwate yenye kifua. Wakati inatafutwa, akasema apande mara moja tu na gari lilivyo, viazi vya watu visiozee juu.

Nieleze na ugonjwa wa bwate ile ya zamani, maana ndio ulioniletea kitenge cheusi. Gari likipanda, ilikuwa mtoto mwema. Likishuka, gia ya pili ilikuwa inaruka. Fimbo inajitoa yenyewe, gari linabaki halishikwi na kitu, na kwenye mteremko ule breki peke yake haitoshi. Madereva wa milimani wala hawakuona ni jambo la kwenda kwa fundi. Walikata mpira wa ndani wa tairi, wakafunga fimbo kwenye chuma cha kiti, wakashuka wakipiga soga. Bonaventure hakupenda mpira. Alikuwa na mimi. Nilikaa katikati, nikaishika fimbo kwa mikono miwili kutoka Rurambo hadi uwandani, naye ananichokoza njia nzima: "Mama Espoir, ukisinzia tumekufa, na miye sijakula." Abiria wa nyuma walikuwa wakicheka. Mimi pia nilicheka, ila mikono sikuilegeza.

Siku ile mtoto alikuwa na malaria, nikabaki naye Uvira. Bonaventure akafunga mpira, kama wenzake wote, na mpira ukakatika.

Walipomleta sikulia. Nasema hivyo bila kujisifu wala kuona haya. Wanawake wa kanisa walinishika huku na huku wakidhani nitaanguka, nikawaambia wakae, wasichoke bure. Kwenye maziko niliangalia viatu vya padri, nikaona kimoja kimefungwa kamba ya rangi nyingine. Hicho ndicho ninachokumbuka. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hasira, hata hofu sikuwa nayo. Watu waliniambia kula nikala, waliniambia lala nikajilaza. Mama mkwe wangu, Anne-Marie, alianza kunitazama vibaya, na ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Garajini tulikuwa na Vainqueur, mdogo wake Bonaventure. Ndiye ambaye angeurithi usukani. Kijana mrefu, mcheshi, hana hata mke bado. Nilimtazama akizunguka zile bwate mbili kama mtu aliye kwenye mnada wa ng'ombe, nikafikiri: huyu ndiye atakayekuwa ndani siku itakaporuka tena. Nilifikiri hivyo kwa ubaridi tu, kama ninavyofikiri chumvi imekwisha.

"Shemeji, tuchukue hii ya tano," akasema. "Kwa plene, huku uwandani, itakimbia mubaya. Nitapanda na kushuka mara mbili kwa siku moja."

Nasoro akaijaribu mbele yetu kama mafundi wote wanavyojaribu. Akatia gia, akashika mhimili wa mbele, pale bwate inapoungana na injini, akauzungusha. Upande wa nyuma ukafuata, laini, bila kelele. Akatia nyingine, na nyingine. Kisha akaijaribu ile nyeusi. Ilikoroma kama mzee aliyeamshwa. Vainqueur akacheka.

"Iko nguvu, sikatai," Nasoro akasema. "Lakini itabidi nikate sakafu ya gari, nifupishe na ile shafti ya kwenda nyuma. Na itapiga kelele maisha yake yote."

Walikuwa wamekwisha kuamua. Walikuwa wananingojea mimi nitikise kichwa tu, twende.

"Ile ya tano," nikasema, "itie ya pili. Halafu uizungushe kutoka nyuma."

"Kutoka nyuma?" Nasoro akatabasamu. "Mama, motere inakaa mbele."

"Wakati wa kushuka motere haisukumi, papa Nasoro. Magurudumu ndiyo inasukuma."

Akainama kuuangalia upande wa nyuma. Alikuwa fundi tangu ujana wake, na sijui kama alikuwa amewahi kujaribu bwate kwa namna hiyo. Uvira nzima tulikuwa tunauliza gari linapanda na nini. Hakuna aliyekuwa anauliza linashuka na nini.

Ilibidi watu wawili. Vainqueur aliuzuia mhimili wa mbele kwa sahani kuukuu ya klachi na kipande cha nondo, miguu ameitanua. Nasoro akafunga bomba refu upande wa nyuma, akaanza kulikandamiza kwa uzito wake. Mimi nilichuchumaa katikati, nikaweka kiganja juu ya fimbo.

Nikausikia. Ule msukumo mdogo, kama mtoto mgongoni anapotaka kuamka. Kisha fimbo ikaruka, na Nasoro akapiga goti chini.

Wakarudia. Ikaruka. Vainqueur akasema nimeigusa vibaya, akashika mwenyewe huku mtu mwingine wa garaji akizuia mbele, ikamruka mkononi. Hakusema tena juu ya safari mbili.

Ile nyeusi Nasoro aliipandia bomba kwa miguu miwili, akarukaruka juu yake. Niliacha kiganja pale. Nikangoja. Haikusukuma.

"Hii," nikasema.

"Na hii nitakuwa wa mwisho kila siku," Vainqueur akasema. "Watu watanicheka, shemeji."

"Wakucheke."

"Basi ndiyo papa Espoir alikuwa anataka?" Nasoro akauliza, maana ukoo ungemuuliza na yeye.

Nikasema ndiyo. Mpaka leo, na Espoir amenipita kwa urefu, sijui alitaka ipi. Inawezekana kabisa alitaka ile ya tano.

Kazi ilichukua muda. Bodi iliyobonyea siku ile ikanyooshwa, sakafu ikakatwa, shafti ikafupishwa, likachongwa bamba la chuma la kuunga injini na bwate. Kisha asubuhi moja Vainqueur akapakia chumvi na mabati, akapanda Rurambo akalete viazi.

Mchana ule Anne-Marie alishika rozari. Mimi nilikuwa nikiparua samaki uani. Alasiri tukalisikia kabla ya kuliona, ile kelele ya bwate ikija njia nzima, na watoto wakakimbia kulipokea. Anne-Marie akapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyekuwa amevisikia nyumbani kwetu tangu maziko. Vainqueur akashuka na vumbi hadi kwenye kope, meno yote nje.

"Shemeji! Fimbo haikujitikisa hata kidogo. Freni nimeigusa kwa kona tu."

Watu wakapiga makofi. Walinipigia na mimi.

Ndipo nikasikia kitu moyoni, mimi niliyekuwa sisikii. Kilikuja kwa nguvu hata nikashika mlango. Haikuwa furaha. Nilimchukia yule kijana kwa sababu amerudi. Nilimchukia kwa meno yake yale, kwa viazi vyake, kwa mama yake anayemshika mashavu. Kumbe kushuka salama lilikuwa jambo rahisi hivyo: chuma kizito kidogo, sakafu ikatwe, basi.

Nikamwambia anawe mikono. Nikampakulia bugali, nikamchagulia samaki, mukeke mkubwa kuliko wote, nikakaa mbele yake mpaka akamaliza.