Ukurasa wa Kwanza na Chupa Nyekundu

Kwenye kongamano la waandishi kila mtu alining'iniza kitambulisho shingoni, na kila kitambulisho kiliandikwa "Mwandishi," hata cha bwana aliyekuja kutengeneza spika. Mwanamke mmoja, fundi cherehani, alikigusa chake mara kwa mara, kama anayehakikisha kifungo hakijakatika. Riwaya yake ilikuwa kwenye mfuko wa nepi: kurasa mia mbili na kumi na mbili, zilizoandikwa mtoto akiwa usingizini, ndiyo maana zilichukua miaka mitatu.

Mwandishi mkongwe alikwisha kula saa nzima akieleza anavyochonga penseli. Sasa kilifika kile kilichomleta fundi: kurasa za kwanza zilitumbukizwa sandukuni bila majina, mshereheshaji anasoma, na majaji watatu, Profesa, Mhariri na Mchapishaji, kila mmoja ana kengele. Ukimchosha, anaigonga. Kengele tatu, karatasi inawekwa chini. Ukivuka mpaka mwisho, Mchapishaji anaichukua riwaya yako yote.

Kumi na moja zilikatwa shingo, moja kwenye neno la nne. Mshereheshaji akakunjua ya kumi na mbili.

"Saa nne, maziwa. Akikataa usimlazimishe, mwimbie."

Fundi aliyajua maneno hayo. Asubuhi alikunja karatasi mbili mara nne nne. Moja aliiacha nyumbani chini ya kopo la sukari, kwa ajili ya mama mkwe. Kumbe ameacha isiyo yenyewe.

"Dawa ya kikohozi iko juu ya kabati. Si chupa nyekundu, hiyo ya mende. Akilia bila sababu, sababu ni kiatu cha kushoto. Akiniulizia, mwambie nimekwenda kazini. Ni kazi, mama, hata kama huamini."

Hakuna kengele iliyolia.

"Chupa nyekundu ni utawala," alisema Profesa, macho kayafumba.

"Na kushoto," Mhariri alidakia. "Kwa nini kushoto? Nimesisimka."

Fundi akasimama. "Samahani wazee wangu. Hayo ni maelekezo ya kumlea mwanangu. Nimechanganya karatasi."

"Mnaona?" Profesa aliugeukia ukumbi. "Hata sasa hataki kutoka ndani ya kazi yake."

Wakampigia makofi. Mchapishaji alimvuta pembeni, akapokea riwaya kuanzia ukurasa wa pili, akasoma mistari mitatu na kukunja uso kama aliyetafuna kijiwe kwenye wali.

"Dada, humu kuna maiti. Maiti wamejaa kwenye maduka ya vitabu. Niletee mwendelezo wa ile chupa."

"Haina mwendelezo, kaka. Mtoto akishakunywa dawa, analala."

"Huo huo," alisema, akauandika kwenye kijitabu chake. "Kurasa mia tatu."

Fundi alizitazama kurasa zake mkononi mwa yule bwana, akazichukua, akazirudisha kati ya nepi. Kisha akakimbia nyumbani, maana aliikumbuka chupa nyekundu.

Alimkuta mtoto sakafuni, kavaa kiatu kimoja, cha kulia, anacheka na kifuniko cha sufuria. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti, miwani puani, karatasi mkononi. Huyu ndiye aliyeita maandishi ya mkwewe "kuchafua madaftari."

"Mama, dawa umempa ipi?"

"Iliyo yake. Nimelea watano bila karatasi." Hakuinua macho. "Ila hii uliyoniachia, nimeisoma mara nne. Mume kazikwa Jumanne, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Jumatano mjane anapita mlangoni, anasikia mtu anakohoa chumbani kwa marehemu. Anashika kitasa. Halafu karatasi inaisha. Maziwa yangu yamemwagikia jikoni kwa ajili yako."

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani. Nani anakohoa?"

 Fundi akaufungua mfuko.

"Usiniambie," alisema mama mkwe, akisogeza kiti kwenye mwanga wa dirisha. "Lete ukurasa wa pili. Na mtoto mchukue, ananipigia kelele."