Darubini ya Nne

Fundi wa bunduki za shabaha alikuwa amefura. Wiki hiyo alikuwa ameshakataa darubini tatu na kumtukana muuzaji kwenye simu. Kesho binti yake, mlenga shabaha wa klabu, ana mashindano, na bunduki yake bado ina kipara, haina darubini juu.

"Kwa risasi ndogo hizi, mwanangu, huhitaji dude la kukuza mara ishirini na nne," alifoka, akiibana darubini ya nne kwenye jiliwa. "Unataka kioo king'avu. Vifundo vya kurekebishia shabaha ukivizungusha vilie tik, ukivirudisha virudi pale pale. Na ione safi mita hamsini, siyo mia mbili! Hawa wananiuzia mbuzi kwenye gunia."

Akafumba jicho la kushoto, kama alivyofanya kazini miaka thelathini, akachungulia kibao cha fundi viatu ng'ambo ya barabara. Ukungu mtupu. Akazungusha pete ya mbele. Ukungu ule ule, na katikati, pale msalaba wa kulengea ulipotakiwa kukaa, doa la kijivu.

"Takataka! Na hii nairudisha!"

"Hebu na mimi nione, baba."

Binti akainama. "Mbona safi? Nasoma mpaka yale maandishi madogo ya chini. 'Tunabandika soli.'"

"Usinitanie, nina hasira."

"Haki ya Mungu, baba."

Akazitoa na zile tatu kwenye maboksi, akazibana moja moja. Kwa zote alisoma 'soli'. Kisha akamgeukia baba yake, na utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Jaribu jicho la kushoto."

"La kushoto silitumii kazini!"

"Jaribu tu, baba."

Fundi akaliziba la kulia kwa kiganja, akainama. Herufi zilisimama wima, kali, kila moja mahali pake.

Lo! Kumbe wiki nzima, yakiwa wazi yote, macho mawili yalikuwa yakifichiana siri.

Akainuka. Akafumba la kushoto, bila darubini yoyote, akamtazama binti yake hatua mbili mbele yake. Aliona masikio. Aliona nywele. Katikati hapakuwa na mtu.

"Mwanangu," alisema, "hebu tabasamu kidogo."

"Nimeshatabasamu, baba."