Jumatano za Picha Mabibo

Genoveva alipoacha kazi ya benki ili awafundishe watoto wake nyumbani, mtaa wao wa Mabibo ulimpa pole. Hamida, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na sahani ya vitumbua akauliza kwa sauti ya chini, "Mama Eli, ada imewashinda? Semeni tu, sie si watu baki." Akaelezwa kwamba ada haijamshinda mtu, ni falsafa. Hamida akatikisa kichwa kama watu wanavyotikisa msibani, akaacha vitumbua mezani, akaenda kuutangazia mtaa kwamba hali ya mwenzao ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa.

Falsafa yenyewe Genoveva aliitoa mtandaoni, kwa akina mama wa mbali wenye majiko meupe na watoto wasiochafuka. Hao walimfundisha kwamba mtoto apewe mchoro mmoja wa msanii mkubwa, autazame dakika tano kimya, kisha mchoro ugeuzwe kifudifudi naye asimulie alichokiona. Hakuna kukariri, hakuna jibu la mwalimu, hakuna fimbo. Genoveva, ambaye shuleni alikariri mito ya nchi asizojua ziko upande gani wa dunia na akachapwa kwa kusahau mmoja, aliyasoma maneno hayo akalia. Alilia kweli, na hapo hakuna wa kumcheka.

Basi kila Jumatano saa nne asubuhi ikawa saa ya picha. Michoro aliichapisha stationari moja ya Ubungo ambayo mashine yake ilikuwa imeishiwa wino mwekundu tangu Pasaka, kwa hiyo Wazungu wote wa karne zile walitoka kijani. Elibariki, mwenye miaka kumi, aliuliza kama huko Uholanzi malaria ilikuwa nyingi. Mdogo wake Monica, wa miaka saba, hakuuliza kitu. Alitazama mpaka dakika zake zikaisha, akasimulia kwamba mama anayemenya viazi kwenye picha amevaa kiatu kimoja, na paka anajua kingine kilipo. Genoveva akaigeuza karatasi. Kweli, kiatu kilikuwa kimoja. Yeye aliyeichapisha, akaikata kingo na kuibandika kwenye kadi, hakuwa amekiona.

Mumewe, Revelian, hakuvutiwa na habari za kiatu. "Sasa paka huyo atamfikisha mtoto chuo gani?" aliuliza, akatoa muhula mmoja tu. Muhula ukiisha, dada yake Demetria angekuja kutoka Muleba kutibiwa macho, na huyo ndiye angewapima watoto. Demetria alikuwa kifungua mimba kwao na mwalimu mkuu mstaafu. Akisema hawajui kitu, Januari wangeondoka naye wakalale bweni huko huko Muleba, wakanyooshwe. Revelian, kitinda mimba, hakuwahi kumbishia dada yake tangu azaliwe, na hakuona sababu ya kuanza akiwa na kipara.

Hapo ndipo falsafa ya Genoveva ilipopanda basi la mwendokasi ikaenda zake. Usiku alikuwa akiwaza vitanda vya watoto vikiwa vitupu, na mchana akawa anaandika maswali. Yalifika thelathini, kila moja na jibu lake. Mchoraji alizaliwa mwaka gani? Alitumia rangi gani? Mchoro huu unatufundisha nini? Jibu: unatufundisha umuhimu wa kufanya kazi kwa bidii. Kwa wiki mbili Elibariki alikariri asubuhi, akakariri akioga, akakariri mdomo ukiwa na ugali. Alipokosea alirudia kuanzia swali la kwanza. Monica alipoulizwa mchoro unatufundisha nini, alisema unatufundisha kwamba paka ni mwizi, akaondolewa kikosini. "Shangazi akiuliza, mwache kaka ajibu," mama alimwambia.

Demetria alifika Jumamosi. Alikula ndizi na samaki, akamshukuru Mungu kwa sala ndefu kuliko mlo wenyewe, akafuta miwani, akawaita watoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yenu anasema mnasomeshwa picha. Haya, tuone."

Genoveva akamsogezea mchoro wa viazi. Demetria akausukuma pembeni kwa kidole kimoja. "Hiyo wameshaizoea, mama Eli. Mtihani hautungwi kutoka kwenye daftari la mwanafunzi."

Akafungua mkoba, akatoa picha ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Aliichomoa ukutani kwake ili ikakuzwe studio mjini, maana macho yake hayakuiona vizuri tena. Ilikuwa picha ya darasa la pili, mwaka themanini na nane, darasa lake lililoongoza wilaya nzima. Akaiweka mezani. "Niambie habari za picha hii."

Elibariki akasimama wima, mikono nyuma. "Mchoro huu ulichorwa Uholanzi," alianza kwa sauti kubwa, "na msanii aliyezaliwa mwaka elfu moja mia sita na thelathini, kwa rangi za mafuta. Unatufundisha umuhimu wa kufanya kazi kwa bidii."

"Uholanzi," alisema Demetria.

Revelian akakohoa. Genoveva alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na maswali yake thelathini.

"Kasimama vizuri," Demetria alitoa hukumu bila hasira. "Lakini mtoto huyu kakaririshwa, mama Eli, na kakaririshwa vibaya. Kwangu angekaririshwa vizuri. Januari nitakuja kuwachukua."

Muda wote huo Monica alikuwa ameegemea meza, kidevu juu ya mikono, anatazama. Hakuna aliyemtuma. Dakika zake zilipoisha, aliigeuza picha kifudifudi mwenyewe, akaanza kusimulia kama Jumatano nyingine yoyote.

"Watoto ni wengi, hawana viatu. Mpiga picha yuko mbele yao lakini hakuna anayemtazama. Wote wanamtazama mwalimu. Mwalimu anacheka. Mkono mmoja kaupeleka nyuma, na pembeni ya gauni imechomoza ncha ya fimbo. Yule wa mwisho, mdogo kuliko wote, kaputura yake imelowa mbele. Anajifunika kwa mikono. Ana masikio kama ya baba."

Demetria akaichukua picha, akaisogeza karibu na pua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mvua ilikuwa imenyesha siku ile," alisema.

"Wenzake wakavu, shangazi," alijibu Monica kwa adabu zote.

Revelian akanyoosha mkono akaipokea picha kwa dada yake. Aliitazama zaidi ya dakika tano. "Ni mimi," alisema hatimaye. "Nilisahau hesabu za mara saba."

"Miaka yote hii ilikuwa sebuleni kwangu," Demetria alisema, na sauti ya ualimu mkuu haikuwepo tena. "Mmekuja Krismasi zote. Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani angekwambia, dada?" Revelian alisema taratibu. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeonja chai asiyojua moto wake, akaongeza, "Watoto watabaki hapa."

Demetria hakubisha. Aliomba maji.

Genoveva nusura apige vigelegele. Ameshinda! Amemshinda mwalimu mkuu mstaafu wa Muleba kwa Jumatano za picha na mtoto aliyeambiwa anyamaze. Alimkumbatia Monica mpaka mtoto akalalamika, kisha akamkumbuka Elibariki, ambaye bado alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

"Njoo, baba," alimwita, akamwekea picha mbele. "Na wewe tazama. Usiwe na haraka. Unaona nini?"

Elibariki hakuitazama picha. Alimtazama mama yake usoni, akitafuta.

"Jibu lake ni lipi, mama?" aliuliza. "Hili hukunipa."