Komeo la Ndoo

Jino la uma lilikuwa limekatika kama biskuti. Mkulima aliyelileta alilitupa juu ya meza ya kazi huku akicheka.

"Fundi, kumbe ulinitengenezea jino la utoto!"

Mwanamke aliyekuwa na karakana hiyo hakucheka. Kila mtu alimwita Fundi, hata mumewe, hata mama mkwe wake siku alizoamka vizuri. Karakana aliirithi kwa baba yake, pamoja na mashine ya kuchomelea, grainda mbili na rundo la vyuma lililofika dirishani. Sifa yake ilikuwa kuunda vitu ambavyo wenye trekta ndogo na eskaveta ndogo hawavipati dukani, au wakivipata bei inawafukuza: koleo la kusawazishia barabara, keekee ya kutobolea mashimo ya nguzo, uma wa kubebea marobota ya nyasi. Jino hili lilitoka kwenye uma wa namna hiyo, aliouunda miezi miwili iliyopita.

Alilichukua, akaligeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Mahali lilipovunjika palikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa iling'aa, ikawa na chembechembe kama sukari. Lakini ukingoni, pale alipokuwa amechomelea, palikuwa na utepe wa kahawia. Kutu. Na kutu haiingii ndani ya chuma kizima kwa siku moja. Maana yake ufa ulikuwemo siku nyingi, pengine tangu dakika ile alipozima mashine na kusema kazi imekwisha.

"Hakuna aliyeumia?" aliuliza.

"Aumie nani? Robota lilianguka, tukalibeba kwa mikono. Nitengenezee jingine tu."

Fundi aliliweka jino mfukoni mwa ovaroli, akatoka bila kufunga mlango. Alikwenda mtaa wa pili, kwa muuza vyuma chakavu waliyemwita Sumaku, kwa sababu hakuna chuma kilichopita karibu yake kikaenda zake. Sumaku alikuwa akipanga magurudumu.

"Ule mhimili mrefu ulioniuzia, niliokata vipande vitano, ulitoka wapi?"

"Kwenye mashine ya kusaga mawe. Chuma cha kiume kile! Hakiliki hata kwa msumeno."

"Uliniambia ni ekseli ya lori."

"Nilisema kinafanana na ekseli ya lori."

"Sumaku, chuma kigumu hivyo ukikichomelea kikiwa baridi kinapasuka ndani kwa ndani. Lazima kipashwe moto kwanza."

"Sasa mama, mimi nauza kwa kilo. Sikiulizi chuma tabia yake."

Angekuwa na nafasi angemjibu. Lakini tayari alikuwa akihesabu kimoyomoyo. Vipande vinne vilikuwa meno ya uma. Kipande cha tano… Kipande cha tano kilikuwa komeo, nalo lilikuwa kwenye mashine ya mumewe.

Mumewe alikuwa dereva wa eskaveta ndogo, akichimba mitaro ya mabomba ya maji. Mashine ile ilitumia ndoo mbili, nyembamba ya kuchimbia na pana ya kumwagia mchanga, na kila alipobadilisha ilimbidi agonge pini kwa nyundo hadi zitoke, kisha agonge tena zirudi. Kazi ya nusu saa, mara nne kwa siku. Siku alipojigonga kidole gumba hadi kucha ikang'oka, alikuja nyumbani na kumwambia mkewe, "Fundi, watu wa nje unawatengenezea kila kitu. Mimi mume wako nagonga pini kama mfungwa."

Basi akamuundia kifaa cha kubadilishia ndoo. Upande mmoja kilikuwa na kulabu mbili za kudaka pini ya kwanza. Upande wa pili kilikuwa na komeo, chuma kinene kama kifundo cha mkono, kilichosukumwa chini ya pini ya pili na kuifunga ndoo isichomoke. Uzito wote ulilala juu ya komeo hilo. Nusu saa ikawa dakika mbili. Mumewe hakuwa na habari nyingine mdomoni wiki nzima, akimsimulia kila aliyesimama.

Fundi alimpigia simu palepale. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Alijua, kelele za injini. Akampigia shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa akilaza mabomba mtaroni. Huyu walimwita Kasuku kwa jinsi alivyopenda kuongea. Iliita, haikupokelewa. Simu ya Kasuku kila siku ilikaa kwenye shati, na shati lilitundikwa kwenye uzio wa mtu.

Alirudi mbio kuchukua pikipiki yake. Njiani akajiambia labda leo wanatumia ndoo nyembamba, ile nyepesi. Akajiambia labda Kasuku yuko juu, anakata mabomba. Lakini roho haikudanganyika. Chuma kilekile, mashine ileile, mikono yake ileile, siku ileile. Jino la uma lilikuwa limebeba nyasi tu, na bado limekatika.

Aliingia kwenye barabara iliyochimbwa, akaizima pikipiki mbali kidogo, nyuma ya lundo la udongo. Kilichomfikia kwanza ni sauti ya Kasuku, ikitoka ardhini kama ya redio, ikisimulia habari za jirani fulani na mbuzi wake. Mtaro ulikuwa umempita mtu kichwa. Na juu ya mtaro, juu kabisa ya ile sauti, ndoo pana ilikuwa ikining'inia, imejaa mchanga mbichi hadi kufurika.

Fundi alifungua mdomo apige kelele. Akaufunga.

Akipiga kelele, mumewe angeshtuka na kuvuta mkono wa mashine ghafla, na mshtuko ndio unaovunja chuma chenye ufa. Akimwita Kasuku, angesimama papo hapo chini ya ndoo aulize kuna nini, maana mtu huyo ukimwambia neno moja anakurudishia matatu. Kwa hiyo akatembea. Hatua baada ya hatua, kama anayepita karibu na mbwa aliyelala, mpaka akafika mbele ya kioo cha mashine.

Mumewe alimwona, akatabasamu. Fundi alinyoosha kiganja, akakishusha polepole. Acha kila kitu kilivyo. Mumewe aliacha kutabasamu. Aliondoa mikono kwenye vishikio, akaiweka mapajani.

Fundi alisogea ukingoni. Kasuku alikuwa chini, suruali imekunjwa, akisawazisha mchanga kwa koleo.

"Shemeji! Umetuletea chakula?"

"Nimeleta. Njoo kabla hakijapoa."

"Basi napanda!" Akaegemeza koleo, akageuka kuelekea ngazi.

Ngazi ilikuwa upande wa pili wa ndoo.

"Sio huko!" Sauti ilimtoka nyembamba, akaikaza. "Rudi nyuma, shemeji. Nenda upande ule, mpaka mwisho."

"Kule hakuna ngazi, shemeji. Au unataka nipande kama panya? Ngazi si hii hapa, hatua nne tu…"

"Najua ilipo. Nakuomba. Usipite chini ya ndoo."

Kasuku alitazama juu. Aliona sehemu ya chini ya ndoo, punje za mchanga zikidondoka moja moja. Kisha akamtazama Fundi usoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe na kaka yake, Fundi alimwona akikosa la kusema. Alianza kurudi kinyumenyume. Mguu mmoja ulijikwaa kwenye bomba, akashika ukuta wa udongo, ukammomonyokea mkononi. Juu yake kitu kikalia, kik. Fundi aliinua macho kwenye komeo. Mumewe naye alisikia, akabaki kama sanamu. Kasuku akaendelea. Hatua tano. Nane. Alipofika mbali, Fundi aliona kwamba alikuwa ameziba kinywa chake mwenyewe kwa mkono.

Ndipo akampa mumewe ishara. Mkono wa mashine ukazunguka taratibu, ndoo ikaondoka juu ya mtaro, ikashushwa juu ya lundo. Haikuanguka.

Mumewe aliruka chini, uso umemvimba kwa hasira. "Umenisimamishia kazi mbele ya msimamizi! Kuna nini?"

"Nipe nyundo."

"Nauliza kuna nini."

"Baba watoto, nipe nyundo."

Alimpa. Fundi alipiga komeo mara moja, pigo la kugongea msumari wa picha ukutani. Komeo likakatika vipande viwili, kimoja kikaanguka miguuni mwa mumewe. Utepe wa kahawia ulikuwepo. Ulikuwa umekula zaidi ya nusu ya unene.

Mumewe alichuchumaa, akakiokota, akapitisha kidole juu ya utepe ule. Kasuku, aliyekuwa amepandishwa kwa kamba, alikuja akaona, akakaa chini kwenye udongo mbichi bila kuangalia anakalia nini.

"Ajali haina kinga," mumewe alisema, kwa sauti ya kumbembeleza.

"Hii ilikuwa nayo. Kupasha chuma moto robo saa. Sikufanya."

Mumewe alikiweka kipande chini. Kisha akainua uso, na Fundi akaona umebadilika rangi. "Na lile la mchimba mchanga? Si alikuja akaomba kama langu?"

Fundi alishika kichwa. Ilikuwa kweli. Komeo la mzee yule mchimba mchanga hakulikata kutoka mhimili uleule, lakini alilichomelea vilevile, likiwa baridi, na chuma chenyewe hakukijua kilikotoka. Kwa hofu ya watu wake alikuwa amewasahau watu wa wengine.

Walipanda pikipiki wote wawili. Walikwenda moja kwa moja machimboni.

Mchimba mchanga, mzee mpole mwenye kofia ya sufu, aliwapokea kwa salamu ndefu, akauliza hali za watoto mmoja mmoja. Fundi aliitikia huku macho yakiwa kwenye eskaveta nyuma ya mzee. Ndoo ilikuwa chini. Mahali pa komeo palikuwa na kipande cha mtaimbo kilichofungwa kwa waya.

"Mzee, komeo liko wapi?"

"Ah, lile." Mzee alijikuna shingo. "Lilikatika wiki iliyopita. Ndoo ikaangukia pale." Alionyesha kwa kidevu kivuli cha turubai, ambako wanawake wanne wa kuchekecha mchanga walikuwa wamekaa wakinywa chai. "Bahati walikuwa wamekwenda kunawa."

"Wiki iliyopita! Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya, Fundi. Kazi zako ni nzuri. Nikasema kosa moja nisikuvunje moyo."

Fundi alitaka kumkaripia na kumshukuru na kulia, vyote kwa pamoja, na hakuweza hata kimoja. Mzee alikuwa amemwonea haya, na haya hiyo ilikaribia kumzika Kasuku. Alipiga magoti kwenye mchanga, akaanza kukata waya.

"Sasa ndoo nitabadilishaje?" mzee aliuliza.

"Kwa nyundo, mzee wangu. Kama zamani. Mpaka nikuletee la kuaminika, na nikuonyeshe nilivyolijaribu."

Ilimchukua mwezi mzima. La kwanza alilivunja mwenyewe makusudi, na la pili pia. La tatu alilipasha moto, akaliongezea pini ya akiba inayoshika ndoo hata komeo likikatika, akalining'iniza nyuma ya karakana na mzigo wa mawe siku sita, amezungushia kamba mtu asipite, ndipo akampelekea mzee. Kasuku alirudi mtaroni siku nne baada ya tukio lile. Anaongea tena, ila ndoo ikiinuka hunyamaza, akatoka, akasimama pembeni mpaka ishuke, na kaka yake humngoja bila kumharakisha. Msimamizi akiuliza kwa nini kazi imepungua kasi, kaka mtu humwonyesha ndoo kwa kidole.