Hondohondo Aliyejiziba Ndani

Kitendawili hiki nimekitunga mwenyewe: fundi kaziba mlango, naye yumo ndani. Mjukuu wangu alikitegua kabla sijameza mate.

"Hondohondo, Bibi. Huna kingine?"

Binti huyo tunamwita Kisiki, maana akishika kamera hutulia mpaka mjusi anampanda. Mwaka mzima alikuwa akiwapiga picha hondohondo wawili, ndege mke na mume, kwenye mti wenye tundu nyuma ya shamba letu. Kiangazi walikuwa wakikagua tundu kama wapangaji. Mvua za kwanza, jike akajiziba ndani kwa udongo, akabakiza ufa wa kupitisha mdomo tu. Masika yote dume akamletea matunda na panzi. Ikabaki picha moja: mama akivunja ukuta atoke. Mchapishaji wa kitabu chake alishasema bila hiyo hakuna kitabu. Na ndani ya mti jike alishaanza kuugonga ukuta.

Sasa yule dume ana shuku. Akimwona mtu kaingia kwenye kibanda cha turubai cha kupigia picha, hausogelei mti. Dawa yake, wanaingia wawili, anatoka mmoja, anaondoka zake. Ndege hahesabu, anadhani kibanda ni kitupu. Huyo wa kuondoka ndiye mimi.

"Ukitoka, Bibi, usirudi."

"Nirudi nifuate nini?"

Jana nilirudi. Nilimpelekea sweta. Dume akatoroka na panzi wake mdomoni, akilia kama bawaba kavu, na mle ndani kugonga kukakoma.

"Mke mwenza," Kisiki akanitania, ila macho hayakucheka, "miguu yako ina siafu?"

Leo nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Nikaosha sufuria zilizokwisha oshwa. Nikafagia ua, upepo ukauchafua, nikafagia tena.

"Hebu kaa, unanizungusha kichwa," akasema babu yao.

"Wewe umekaa tangu unioe. Inatutosha wote wawili."

Mawingu yakajikusanya. Sweta alilikataa. Je, kaumwa na nyoka? Je, tawi limemwangukia? Miguu ikanibeba yenyewe.

Nilikuwa kwenye kichaka cha mwisho niliposikia: ko, ko, ko. Udongo ukadondoka. Nikajua nikisogea tu, nimeuzika mwaka mzima wa mtoto. Nikachuchumaa, goti likalia. Mvua ikaniingia shingoni. Kitu kikanipanda mguuni, kikang'ata, na mwenzake, na mwenzake. Siafu wa kweli safari hii. Nikauma upindo wa kilemba.

Mdomo ukatoka, kisha kichwa, kisha mama mzima, mchafu, mkia umechakaa kama ufagio wa zamani. Akatua ukingoni, akaitazama dunia. Sikusikia kamera hata kidogo. Ulimi ulinicheza: Kisiki, umelala? Nikaung'ata na ulimi pia. Ndege akaruka kwa taabu, akapita juu ya kichwa changu.

Turubai likafunuka.

"Bibi, toka hapo kichakani."

"Umeniona saa ngapi?"

"Tangu ulipofika. Roho ilikuwa mkononi."

"Na picha je? Mbona hiyo kamera haikulia?"

"Mlio nimeuzima." Akanigeuzia kioo cha kamera. Mama alikuwa nusu ndani, nusu nje, tone la mvua limening'inia kwenye kope. Kumbe hondohondo ana kope!

Nilitaka kumkumbatia, nikashindwa kunyanyuka.

"Vizuri sana, mke mwenza," nikasema. "Sasa nikung'ute haraka, wameshafika pajani."