Maoni ya Mtani

Mwalimu Lucy alitupanga wawili wawili, akatupa kanuni tatu. Soma rasimu ya mwenzako mara mbili. Andika maoni kwa penseli. Usiandike neno ambalo hutaweza kulifafanua. Mimi nilipangwa pamoja na Filomena.

Chuo chetu cha ualimu kilikuwa kimepata nafasi moja ya ufadhili wa shahada, na mshindi angechaguliwa kwa insha. Wafadhili hawakupokea mwombaji aliyetimiza miaka thelathini. Filomena angeitimiza Desemba. Hakuwa na mwaka mwingine.

Sote wawili ni watu wa Kinole, na ukoo wake na wangu ni watani. Mama yake alipofukiwa na maporomoko ya udongo shambani, ndugu zangu ndio waliochimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Kwetu mtani hakasirikiwi. Tena haaminiwi. Hilo la pili sikulifikiria.

Insha yake ilianza hivi: "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka binadamu." Iliendelea namna hiyo kurasa mbili, safi na tupu. Katika ukurasa wa tatu, mistari minane kabla ya mwisho, aliandika kwamba mama yake alipofukuliwa alikuwa bado ameshika kikapu cha magome ya mdalasini. Niliweka karatasi chini. Nilitoka nje, nikatazama milima kwa muda.

Niliporudi niliandika pembeni: "Anzia hapa. Kurasa mbili za mwanzo zifute." Ningeishia hapo. Lakini niliona haya kuugusa msiba wake kwa maneno makavu, nikaongeza: "Hizo mbili ni maiti, mtani. Nitazizika mwenyewe. Wewe andaa wali."

Filomena alisoma, akacheka hadi akafuta machozi.

"Nyie hamjui kuzika," alisema. "Kaburi la babu yangu mlilichimba fupi, akalala amekunja magoti."

"Babu yako alikuwa mrefu kwa ubishi tu."

"Haya. Nikishinda nitakupikia mchele wa Dakawa. Wewe utakula ukoko."

Nilicheka naye. Nilipaswa kumwambia, "Filomena, huu si utani." Sikumwambia.

Aliinakili insha kwa wino, neno kwa neno, akaiwasilisha.

Majibu yalibandikwa Novemba. Jina halikuwa lake. Fomu aliyorudishiwa ilikuwa na sentensi moja: "Mwombaji ana jambo la kusema, lakini amelianza ukurasa wa mwisho."

Alinikuta kwenye kibaraza cha bweni, akaketi.

"Gervas," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. "Ulikuwa unamaanisha?"

"Ndiyo."

"Mbona ulicheka?"

Nilikuwa tayari kufafanua kila neno nililoandika. Kicheko sikuweza kukifafanua.

"Nilidhani ni yale yenu ya msibani," alisema.

Muhula ulikwisha wiki hiyo. Filomena alifunga begi arudi Kinole, kwenye shamba lile lile lenye kovu la maporomoko. Nilimbebea ndoo hadi getini, ambako pikipiki ilikuwa ikimsubiri. Kabla ya kupanda alinipa ile rasimu. Penseli yangu ilikuwa bado inasomeka.

"Uliahidi kuzika mbili," alisema. "Zika zote tatu."

Nilisubiri acheke. Alipanda pikipiki, akaweka ndoo mapajani, akatazama mbele.